Programu Ifunguke Hata Walikale: Kuhakikisha Vipande Vinangoja Kuitwa

Mwezi Agosti 2019 Ebola ilifika Pinga, katika wilaya ya Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Mlipuko wenyewe ulikuwa umetangazwa tarehe 1 Agosti 2018 upande wa Beni, na hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umehesabu wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kila aliyegusana na mgonjwa alitakiwa kufuatiliwa siku 21, na hali yake kuandikwa siku kwa siku. Katika mlipuko ule karatasi zilifanya kazi kubwa, na pembeni yake zilikuwepo programu za kompyuta na simu, mojawapo ikiwa Go.Data ya Shirika la Afya Duniani, iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kufuatilia minyororo ya maambukizi.

Wasikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu jambo dogo lililofichika ndani ya programu za aina hiyo. Kwa nini programu moja hufunguka upesi mjini Goma, na ikifika Nyabiondo, Masisi, au Itebero, Walikale, inabaki kuzungusha duara jeupe hadi aliyeishika anakata tamaa? Mara nyingi lawama hutupiwa mtandao, na mtandao una makosa yake. Lakini sehemu ya jibu imo ndani ya programu yenyewe, katika namna ilivyojengwa, na sehemu hiyo inaweza kupimwa kabla haijatoka mikononi mwa walioitengeneza.

Tuanze na mahali programu hizi zinapotumika. Wilaya ya Masisi ina zoni nne za afya: Masisi yenyewe, Mweso, Kirotshe na Katoyi. Walikale nayo ina nne: Walikale, Pinga, Kibua na Itebero. Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000 za msitu na mito. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya hujaza fomu zake za mwezi kwa kalamu: waliougua malaria, akina mama waliojifungua, watoto waliochanjwa surua. Fomu hizo hupelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni, kwa miguu au na motari, dereva wa pikipiki, na huko mtu mmoja hukaa mbele ya kompyuta akaziingiza katika DHIS2, mfumo ambao Kongo huutumia kukusanya takwimu za afya za zoni zake 519.

DHIS2 ni programu ya tovuti. Mizizi yake ni Afrika Kusini ya katikati ya miaka ya 1990, wakati nchi ile ilipokuwa ikiunganisha huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi wa rangi, na leo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Hutumika katika nchi zaidi ya 75. Kwa kuwa ni ya tovuti, haisambazwi kwa diski. Kivinjari huomba mafaili kutoka kwa seva, huyapokea, huyasoma, kisha ukurasa hutokea. Kila faili linalopokelewa limelipiwa. Huku Kivu watu husema "mega zimekwisha", na mega hizo zinaweza kutoka mfukoni mwa yule yule anayeingiza takwimu.

Tufanye hesabu. Kivinjari cha Chrome kina kipimo cha kuigiza mtandao dhaifu, ambapo kasi hushushwa hadi kilobiti 400 kwa sekunde na kila ombi hucheleweshwa sekunde 2 kabla ya jibu. Kwa kasi hiyo, msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, wa megabaiti 3 huchukua dakika nzima kufika, na ule wa kilobaiti 300 huchukua sekunde 6. Pale simu inapoonyesha herufi E, mtandao wa kizazi cha pili, mambo huwa mabaya kuliko hapo. Na baada ya msimbo kufika, bado simu yenyewe haina budi kuufungua na kuuelewa, na simu ya bei nafuu ya Itel au Tecno hufanya kazi hiyo taratibu kuliko kompyuta ya fundi aliyeiandika programu.

Sasa, programu kubwa ina mambo mengi ndani yake. Ina fomu za kujaza, ina michoro ya takwimu, ina ramani, ina kurasa za msimamizi zinazofunguliwa na watu wawili nchi nzima. Maktaba ya kuchora ramani, yaani msimbo ulioandaliwa tayari kwa kazi hiyo, peke yake inaweza kuwa nzito kuliko fomu zote zikijumlishwa. Anayekuja kuandika idadi ya watoto waliochanjwa hahitaji ramani. Motari anayetoka Sake kwenda Nyabiondo hubeba mzigo wa mteja anayemngoja, habebi bohari nzima. Kwa hiyo mafundi hugawa msimbo wao vipande: kipande cha kwanza hupelekwa mara ukurasa unapofunguliwa, na vingine hubaki kwenye seva hadi mtumiaji atakapovigusa. Wanaoandika programu huuita mtindo huu kupakia kwa wakati wa kuhitajika.

Wazo hili lina umri. Google ilikuwa na chombo kilichoitwa GWT, na mwishoni mwa mwaka 2009 chombo hicho kiliwezesha kugawa programu vipande. Mjerumani Tobias Koppers alilipenda jambo hilo, akataka liwepo pia kwa wanaoandika JavaScript moja kwa moja, na mwaka 2012 akaanza webpack, chombo kilichokuja kutumiwa dunia nzima kujenga programu za tovuti. Angular, chombo kingine cha kuandikia programu za tovuti, iliyotoka mwaka 2016, iliruhusu kila ukurasa wa programu kuwa na kipande chake. React, nayo ya kazi hiyo hiyo, ilileta amri yake mwezi Oktoba 2018. Na mwaka 2020 amri ya kuita kipande katikati ya kazi iliingia katika kanuni rasmi za lugha ya JavaScript. Leo hakuna fundi anayeweza kusema hana njia.

Tatizo liko kwingine. Kuandika amri ya kungoja ni jambo moja, na kipande kungoja kweli ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili kuna hatua ya ujenzi, ambapo mamia ya mafaili ya fundi huchanganywa, hupunguzwa na kufungwa kuwa mafaili machache ya kupelekwa kwa watu. Katika hatua hiyo nia njema inaweza kupotea kimya kimya. Programu bado inafanya kazi, hakuna kosa jekundu, majaribio yote yanapita. Anayegundua ni yule wa Kibua ambaye mega zake zimekatwa.

Upotevu huo hutokea hivi. Fundi mmoja anaandika vizuri kwamba moduli ya ramani, yaani sehemu ya msimbo inayoshughulikia ramani, iitwe pale tu mtu anapobonyeza neno "ramani". Wiki nyingine mwenzake, katika faili la ukurasa wa mwanzo, anahitaji kitu kidogo kilichomo ndani ya moduli ile ile, tuseme orodha ya rangi za kuonyesha kiwango cha kipindupindu. Anaiomba kwa njia ya kawaida, ile inayosema "nipe sasa hivi". Chombo cha kujengea sasa kina maombi mawili, moja la baadaye na moja la sasa hivi. La sasa hivi hushinda, na moduli yote ya ramani huingia katika faili la kwanza. Vite, chombo alichokianzisha Evan You mwaka 2020, hutoa onyo katika hali kama hiyo kwamba kipande hakitatengwa. Lakini onyo hilo hupita katikati ya mistari mingine mingi, na ujenzi humalizika kwa maandishi ya kijani.

Kuna mtindo mwingine unaoleta hasara ile ile: faili moja la mlangoni linalokusanya majina ya kila kitu kilichomo kwenye folda ili iwe rahisi kuyaomba. Anayeomba jina moja anaweza kuburuta folda nzima. Hasara inayofanana na hiyo, na inayojulikana sana, ni ya Moment, maktaba ya tarehe iliyokuwa ikiingia na tarehe za lugha chungu nzima katika programu iliyohitaji Kifaransa tu.

Basi uhakiki unaanzia wapi? Kwanza, usifanywe katika hali ya utengenezaji. Fundi anapoandika programu kwa Vite, kila faili huenda peke yake kwenye kivinjari chake, na akitazama ataona mafaili mengi yakija moja moja, aamini kwamba kazi yake imegawanyika sawasawa. Picha hiyo haina uhusiano na kitakachofika Masisi. Cha kupimwa ni programu iliyokwisha kujengwa kwa ajili ya watumiaji.

Ujenzi ukimalizika, folda ya matokeo ifunguliwe. Je, kuna faili la ramani linalosimama peke yake? Kama halipo, hakuna haja ya kuendelea, jibu limepatikana. Kama lipo, itazamwe orodha ambayo vyombo hivi vinaweza kuiandika, inayoeleza kila faili linaomba lipi sasa hivi na linaita lipi baadaye. Hapa ndipo penye ushahidi wenyewe. Skripti fupi inaweza kuanzia faili la mlango, ikafuata kila ombi la sasa hivi hadi mwisho wa mnyororo, ikajumlisha uzito, na kuuliza swali moja: je, maktaba ya ramani imo katika mnyororo huu? Wapo wanaopendelea mchoro. webpack-bundle-analyzer huchora miraba, mkubwa kwa moduli nzito na mdogo kwa nyepesi, na jicho huona mara moja kilichojipenyeza. Mchoro unafaa kwa kugundua. Kwa kulinda, skripti ni bora, kwa sababu haichoki na haisahau.

Baada ya hapo, kivinjari chenyewe kiulizwe. Chrome na Firefox zina kidirisha cha mtandao, kinachoonyesha kila faili lililoombwa, ukubwa wake na muda wake. Hifadhi ya zamani ifutwe, ukurasa upakiwe upya, orodha isomwe. Kisha neno "ramani" libonyezwe, na faili jipya lionekane likija wakati huo huo. Lisipokuja jipya, basi lilikwisha kuja. Chrome ina kidirisha kingine tangu mwaka 2017, kinachoonyesha ni sehemu gani ya msimbo uliopokelewa imetumika na ipi imelala bila kuguswa. Ukurasa wa fomu ukionyesha kwamba sehemu kubwa ya msimbo haikutumika, kuna mtu analipia asichokula.

Kuna mtego hapa unaowashika hata mafundi wazoefu. Kipande kinaweza kutengwa vizuri katika ujenzi, na bado kikafika bila kuitwa. Angular ina mpangilio wa kuvuta vipande vyote mara ukurasa wa kwanza unapotulia. webpack inakubali maelezo ya kuvuta kipande mapema. Next.js, inayojengwa juu ya React, huvuta mapema kurasa ambazo viungo vyake vimeonekana kwenye kioo. Mipangilio hii ilibuniwa kwa watu wenye mtandao usiopimwa kwa mega, na kwao ni neema. Kwa ofisi ya zoni ya Itebero inarudisha mzigo wote uliokuwa umeshushwa, isipokuwa sasa unaletwa kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana haitoshi kutazama kidirisha cha mtandao kwa sekunde tano za mwanzo. Anayehakiki aache ukurasa umekaa, asiguse kitu, aone nini kinaendelea kuingia.

Na kugawa nako kuna kupita kiasi. Wapo wanaokata msimbo vipande mia. Kwenye mtandao ambao kila ombi hungoja sekunde 2, kipande kinachoita kipande kinachoita kipande ni sekunde 6 za kungoja kabla uzito haujahesabiwa. Moduli ya kilobaiti 4 haistahili safari yake. Vinavyostahili kutengwa ni vizito na vinavyotumiwa na wachache: ramani, michoro, kuandaa hati za PDF, kurasa za usimamizi.

Hadi hapa mambo yote yanahusu mega na dakika. Kwa Masisi na Walikale kuna swali zito zaidi, na linaenda kinyume na yaliyotangulia. Kipande kinachongoja kuitwa kinaamini kwamba siku ya kuitwa mtandao utakuwepo. Muuguzi afungue programu akiwa Sake, penye mawimbi, kisha apande kuelekea Katoyi. Huko abonyeze fomu ya surua. Kama kipande cha fomu hiyo kilibaki kwenye seva, hakuna fomu. Programu nzito ingekuwa imekwisha kufika yote, nyepesi imemwacha mikono mitupu. Mpangilio uliofanywa kwa ajili yake ndio unaomzuia.

Kenya ilikutana na sura ya kwanza ya tatizo hili mwaka 2011, ilipokuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuendesha DHIS2 ya taifa zima kwa seva moja kupitia mtandao. Ofisi za wilaya zilitumia modemu za simu, na mtandao ulikuwa ukikatika. Watengenezaji waliuwezesha ukurasa wa kuingiza takwimu kuhifadhi namba ndani ya kivinjari wakati mtandao haupo na kuzituma unaporudi. Teknolojia ya vivinjari iliyokuwa ikitumiwa miaka ile kuhifadhi kurasa, iliyoitwa AppCache, ilikuwa imeondolewa katika Chrome kufikia mwisho wa mwaka 2021. Nafasi yake imechukuliwa na skripti ya nyuma ambayo kivinjari huihifadhi kwenye kifaa, nayo husimama kati ya ukurasa na mtandao na kujibu maombi kwa mafaili iliyoyaweka akiba. DHIS2 toleo la 2.37, la mwaka 2021, lilianza kuitumia ili dashibodi zisomeke bila mtandao. KoboToolbox, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na kutumiwa sana na mashirika ya misaada Kivu, nayo ina fomu za tovuti zinazojazwa bila mtandao kwa njia ya namna hiyo.

Skripti hiyo ya nyuma nayo ihakikiwe, maana inaweza kukosea pande zote mbili. Ikiandikiwa iweke akiba kila faili la folda ya matokeo, itavuta ramani na michoro yote, na juhudi ya kugawa itakuwa kazi bure. Ikiandikiwa iweke faili la kwanza tu, fomu zitakosekana njiani. Orodha ya akiba inapaswa kuandikwa kwa kujua kazi ya mtu: fomu zote ndani, orodha ya vituo vya zoni yake ndani, ramani nje hadi atakapoitaka mwenyewe. Na orodha hiyo haiwezi kutungwa Kinshasa au Oslo bila kumuuliza anayeingiza takwimu Mweso ni fomu zipi anazifungua kila wiki na zipi kila mwezi. Jaribio lake ni rahisi: programu ifunguliwe mara moja penye mtandao, mtandao uzimwe, kisha kila fomu ifunguliwe moja baada ya nyingine. Kwa chombo kama Playwright cha Microsoft jaribio hilo huendeshwa lenyewe kila msimbo unapobadilika. Chombo hicho hicho kinaweza kusikiliza maombi yote ya mtandao na kupiga kelele faili la ramani likiombwa kabla ya wakati.

Lipo pia suala la matoleo. Vyombo vya kujengea huyapa mafaili majina yenye alama zinazobadilika kila maudhui yanapobadilika. Kompyuta ya zoni inaweza kubaki na ukurasa ule ule umefunguliwa siku kadhaa, ikizimwa kioo na kuwashwa kufuatana na nguvu ya paneli za jua. Kati ya siku hizo toleo jipya huwekwa kwenye seva na mafaili ya zamani hufutwa. Ukurasa wa zamani ukiita kipande chake, seva hujibu kwamba hakipo, na aliye mbele ya kompyuta huona ukurasa mweupe. Katika mwaka kama 2025, ambapo kundi la waasi la M23 liliingia Masisi-centre mwezi Januari na Walikale-centre mwezi Machi, ofisi nyingi zilifanya kazi kwa vipindi, watu wakihama na kurudi. Hakuna anayeweza kudai kwamba kila kompyuta itafuata kalenda ya matoleo ya watengenezaji. Mafaili ya zamani yaachwe kwenye seva kwa miezi. Nafasi yanayochukua ni ndogo.

Wizara, miradi na mashirika yanayolipia programu za afya na misaada kwa ajili ya Kivu huandika mikataba yenye kurasa nyingi kuhusu rangi, nembo na ripoti. Inawezekana kuongeza mistari michache. Uzito wa kila kinachoombwa ukurasa wa kwanza unapofunguka uwekewe kikomo kwa kilobaiti, na ujenzi ukatae kumalizika kikomo kikivukwa, jambo ambalo Angular imelitengenezea mpangilio wake tayari. Kila toleo liambatane na orodha ya vipande na uzito wake. Jaribio la mtandao dhaifu na jaribio la mtandao uliozimwa yafanyike kwa simu ya aina inayouzwa soko la Virunga mjini Goma, na matokeo yake yafike kwa ofisi ya zoni pamoja na programu yenyewe, yakiwa yameandikwa kwa Kifaransa na Kiswahili.